Samaki Wenye Mistari na Maji ya Mzee

Siku ile tulikuwa watu watano kwenye chumba cha kusubiria. Alikuwepo daktari wa meno, mwenye kliniki, glavu moja ameivua na nyingine bado iko mkononi. Alikuwepo mzee mmoja wa milimani, jirani yetu wa shamba kule Mhezi, ambaye alikuwa ametoka tu kushusha madumu mawili ya maji. Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Kifaru, aliyekuja msibani hapa Same jino likamshika, shavu limevimba na kanga imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, wa kike, aliyepita kuchukua ufunguo wa nyumba. Wa tano ni mimi, ninayefanya usafi hapo na kulitunza tangi la samaki. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema.

Tangi lenyewe ni la kioo, refu kama benchi. Daktari aliliweka kwa ajili ya wagonjwa wanaoogopa mashine ya kutobolea meno. Ndani kuna mchanga mweusi na majani yaliyopandwa, mengine mafupi kama nyasi za uwanjani, mengine marefu yanayofika hadi juu na kujilaza chini ya taa. Watoto wakiingia wanalia, wakikaa mbele ya kioo kile wananyamaza. Nimeshamwona dereva wa lori, mtu mzima mwenye ndevu, amemng'ang'ania samaki mmoja kwa macho mpaka anaitwa jina mara tatu.

Maji ya mjini kwetu yana chumvi. Birika la chai linaota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Daktari aliniambia samaki anaotaka kuwaweka wanapenda maji laini, yasiyo na chumvi, akauliza yanapatikana wapi. Mimi ndiye niliyemtajia mzee.

Mzee alikuwa msimamizi wa ndiva ya kijijini. Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya chemchemi yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa yateremke kwa mifereji, na kila nyumba ina zamu yake. Yeye ndiye alikuwa akifungua. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Siku za soko alikuwa akishuka Same na ndizi na tangawizi, na baada ya makubaliano na daktari akawa anashuka pia na madumu mawili ya maji, anayachota kwenye chemchemi yenyewe, juu kabisa ya ndiva. Akishayatua haondoki mara moja. Anakaa kwenye benchi, kofia magotini, anaangalia tangi.

"Yamependeza," ananiambia. "Miaka yote hii sijawahi kuyaona yakiwa na taa."

Mzee huyu nilikuwa na deni kwake kabla ya samaki. Baba na mama walifariki katika mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu watatu, huyu wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Kule kwetu ndiva inasafishwa kwa msaragambo: kila nyumba inatoa mtu mmoja, anapimiwa kipande chake cha tope, anachimba. Nyumba isiyotoa mtu inapoteza zamu ya maji, na bila maji hakuna maharage wakati wa kiangazi. Mimi sikuweza kwenda nikawaacha watoto. Mzee alikuwa akimaliza kipande chake anaingia kwenye kipande chetu. Walipomwuliza nyumba ya marehemu imemtuma nani, alijibu, "Imekuja. Hamwoni jembe?" Akafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka mdogo wangu anayenifuata alipopata nguvu za kushika jembe mwenyewe. Sisi hatukuwahi kukosa maharage.

Sasa nije kwenye samaki.

Tangi lilipokuwa tayari, majani yameshika mizizi na maji yametulia, daktari alianza na samaki wawili tu wa rangi ya asali. Ni samaki wapole. Kifuani wana nyuzi mbili ndefu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na wanazitumia kupapasa mbele yao kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Hao ndio alikuwa akiwapenda. Kisha akanikalisha chini akanieleza atakaofuata. Alisema kuna samaki wa kutembea kwa kundi, na kosa la watu wengi ni kununua wawili wa hivi na watatu wa vile ili tangi lichangamke. Samaki wa kundi akiwa na wachache anaogopa, na mwenye hofu ama anajificha ama anang'ata. Kwa hiyo aina ziwe chache na kila aina iwe na wengi. Akaandika kwenye karatasi: wadogo wenye mstari wa bluu, kumi na wanne, wenye ndevu wanaokaa chini mchangani, sita. Basi.

"Umeelewa, dada?"

"Nimeelewa, daktari."

Nilielewa kweli. Nalisema hili mapema ili nisije nikajificha nyuma ya shule niliyoiacha.

Nikaenda Moshi na huyu mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa likizo. Muuzaji wa samaki wa mapambo, baba mmoja mnene mwenye taulo begani, alitupokea vizuri. Nikainama kwenye tangi la wale wa bluu. Wote wakageuka kwa pamoja wakakimbilia nyuma. Nikahamia tangi la pembeni. Humo kulikuwa na samaki wanene kidogo, rangi ya dhahabu, wana mistari minne myeusi iliyosimama. Hawa hawakukimbia. Walikuja mbele, wakagonga kioo kwa midomo yao, wakanikodolea macho kama wadogo zangu walivyokuwa wakinikodolea nikiingia na mfuko wa unga.

"Nipe na hawa watano," nikasema. "Wa bluu punguza, wawe wanane."

Muuzaji aliniona naikunja karatasi. "Dada, umeandikiwa au umejiandikia?"

"Nimeandikiwa. Lakini macho ni yangu."

"Hao wenye mistari ni wakorofi. Na wakiwa wachache hivyo ndiyo kabisa, wanawang'ata wenzao. Kwako kuna wenye nyuzi?"

"Wawili."

"Basi hawa waache hapa hapa."

Mdogo wangu akanigusa mkono. "Dada, karatasi inasema aina mbili tu."

"Karatasi imelea watoto?" nikamwuliza.

Muuzaji akacheka mpaka akajifuta macho kwa taulo. Mdogo wangu hakucheka. Akanipisha kama anavyonipisha siku zote nikishaamua.

Nilikuwa na imani yangu. Nimelea watoto watatu kwenye chumba kimoja, wenye tabia tatu tofauti. Walipopigana niliwakalisha kwenye sinia moja la makande, mkorofi akiwa karibu yangu, nikahakikisha anashiba kwanza. Akishiba anatulia. Nilijua ugomvi unatokana na njaa, na nilijua hilo kwa miaka, si kwa karatasi. Samaki wa kidole kimoja wangenishinda nini?

Nikawafikisha salama. Nikaiacha mifuko ielee juu ya maji kwa robo saa kama nilivyofundishwa, ili joto lilingane, kisha nikawaachia. Daktari alikuwa safarini wiki ile. Siku ya kwanza wenye mistari walizunguka tangi lote. Siku ya pili wakawagundua wale wa asali. Walikuwa wakija kwa nyuma, mmoja mmoja, wanadonoa nyuzi na kukimbia, kama watoto wanaovuta mkia wa mbuzi. Nikaongeza chakula. Asubuhi nikaweka, mchana nikaweka, jioni nikaweka. Wakala wote, wakarudi kudonoa. Nikaongeza tena. Wale wa bluu, wanane, wakajibana nyuma ya majani marefu kwenye kona, hawatoki hata kula. Chakula ambacho hakikuliwa kikazama mchangani, na kufikia siku ya sita maji yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshea mchele.

Nikawa naona. Kila asubuhi naona. Wa asali mmoja alibaki na uzi mmoja, mwingine hana hata mmoja, anaelea pale juu akigonga pua kwenye kioo kwa kuwa hana cha kupapasia. Nikatoa wa bluu wawili waliokufa nikawafukia kwenye chungu cha maua nje, sikumwambia mtu. Ningeweza kuwatoa wale wenye mistari kwenye ndoo kwa dakika tano. Sikuwatoa. Kuwatoa kungekuwa kukubali kwamba yule baba wa taulo alikuwa sahihi, na mdogo wangu, na karatasi.

Daktari alirudi siku ya soko. Alipotoka chumba chake cha kazi kumwita mama wa Kifaru, akapita mbele ya tangi, akasimama. Samaki mmoja wa asali alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Mzee alikuwa ameketi benchi, madumu yako miguuni kwake, kofia magotini. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mkono ameunyoosha kwa ajili ya ufunguo.

"Dada," daktari akasema polepole, "hapa kumetokea nini?"

Nikaangalia tangi. Nikaangalia sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Nikasema:

"Labda ni maji, daktari. Haya ya safari iliyopita."

Neno lile la mwisho liliniuma hata nikilitamka. Kama ningesema maji tu, ingekuwa woga. Niliposema ya safari iliyopita niliupa uongo siku na mtu.

Daktari ni mtu wa heshima. Akamgeukia mzee akainama kidogo. "Samahani, mzee. Huko juu hawajapulizia dawa za mashambani karibu na chemchemi?"

"Chemchemi hailimwi karibu," mzee akasema. "Haijawahi."

Mama wa Kifaru, kwa sauti iliyobanwa na kanga, akaingilia: "Jamani, maji ya milimani siku hizi si ya kuamini. Watu wanapuliza tu kila mahali. Hata kwetu mbuzi wamekufa."

 Mzee aliangalia tangi, kisha akaniangalia mimi. Nadhani alikuwa akinisubiri. Kisha akainuka, akachukua kikombe cha plastiki kilichokuwa karibu na mtungi wa wagonjwa, akafungua dumu, akakijaza, akanywa chote. Akajaza tena, akanywa. Akakifunika kikombe kifudifudi juu ya meza, akavaa kofia, akasema, "Mbaki salama," akatoka. Madumu aliyaacha.

Mdogo wangu alichukua ufunguo bila kunitazama. Jioni nilimkuta anachambua maharage. "Shikamoo, dada," akasema, nami nikaitikia. Tukachambua wote kwa muda.

"Dada, yule baba wa Moshi alituambia."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyetufundisha. Mimi nikisema uongo ulikuwa unanirudisha kwa mwenye nyumba nikaseme mwenyewe."

"Najua."

 Ningependa angenitukana.

Hata hivyo sikusema wiki ile, wala iliyofuata. Mzee hakushuka na maji, na mimi nikajiambia amepumzika. Nilipopanda Mhezi kuangalia shamba letu, ndipo nikakuta mtu mwingine amesimama kwenye ndiva, ameushika ule mti mrefu wa kuzibulia tundu la kutolea maji. Nikamwuliza mzee anaumwa? Akaniambia hapana. Maneno yalipanda kutoka sokoni kwamba maji ya ndiva yameua samaki wa daktari mjini. Kwenye mkutano wakauliza nani anaruhusu dawa kule juu. Hakuna aliyemtaja mzee kwa jina, lakini yeye mwenyewe alisimama, akasema mtu anayeshukiwa kuhusu maji hawezi kushika mti wa maji, akaukabidhi.

Sikwenda kwake siku ile. Nilipita njia ya chini ili nisionekane kutoka uani kwake. Mwanamke mzima, nimejifunika kanga usoni katika kijiji nilichozaliwa.

Kesho yake nilimwambia daktari. Nilimsubiri amalize wagonjwa, nikasimama mlangoni na fagio mkononi.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hukuelewa?" akauliza.

"Nilielewa, daktari."

Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Kuhusu samaki hakusema lolote. "Kumbe nimemtilia shaka yule mzee bure," akasema mwishowe. Tukawatoa wenye mistari pamoja, tukawapeleka kwa mtu wa Moshi mwenye tangi la aina hiyo peke yake. Walipowekwa huko, ishirini kwa jumla, walikimbizana wenyewe kwa wenyewe wala hakuna aliyeumia.

Kwa mzee nilikwenda peke yangu Jumamosi. Alikuwa akikatia migomba majani makavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwambia yote: duka, karatasi, chakula, na wale wa bluu niliowafukia kwenye chungu. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa mkono wenye panga.

"Usipige magoti kwenye tope, utakosa la kuvaa kesho kanisani." Akaendelea kukata. "Unajua nilipokunywa yale maji gego langu liliuma mpaka machozi? Yalikuwa ya baridi. Na daktari wa meno amesimama pale pale. Nikasema nikilalamika hapa watasema ni sumu."

Akacheka. Mimi nililia. Nikamwomba aushike tena mti wa ndiva, na ashuke tena na maji.

"Hapana," akasema. "Pale ndivani mtu akimsingizia mwenzake kwamba ameiba maji, akija kuniambia mimi chumbani kwamba amekosea, haisaidii. Anasema mbele ya wale wale waliomsikia. Wote. Ndivyo tulivyofanya siku zote, sitabadilisha kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Tulikuwa wangapi siku ile?"

"Watano, baba."

"Basi ukituweka watano pamoja, nitashuka. Maji njoo uchote mwenyewe, hayana kosa. Mimi siyaleti."

Daktari alikubali bila kusita. Jumapili moja alipanda na gari lake, akaketi uani kwa mzee, mdogo wangu akiwa kando yangu, nikasema neno langu mbele yao. Mkutano wa kijiji nao ulisikia, na watu wakataka kumrudishia mzee ule mti. Akawaambia bado kuna mmoja.

Huyo mmoja ndiye mama wa Kifaru. Kwenye daftari la kliniki ameandikwa jina moja ambalo wanalo wanawake wengi, na namba ya simu aliyoazima msibani, ambayo haipatikani. Nimeshakwenda Kifaru mara mbili. Natembea nyumba kwa nyumba nikiuliza mama aliyeng'olewa gego la kushoto hapa Same. Bibi mmoja alifungua mdomo wote akanionyesha. "Gego gani, mwanangu? Hapa tukitafutana kwa mapengo tutakesha." Wakacheka, nami nikacheka, wakanipa chai. Mmoja alikumbuka kusikia habari kwamba maji ya kule Mhezi yanaua samaki. Nikamwambia si kweli, ni mimi. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni asiyejua amekuja kufanya nini. Lakini hakuwa yeye.

Tangi sasa limetulia. Wa bluu wamekuwa kumi na wanne kama ilivyoandikwa, na wanatoka mbele, wanageuka kwa pamoja mtu akipita, na taa ikiwa imewaka wanang'aa wote kwa mara moja. Wenye ndevu wanachimbachimba mchanga. Wa asali amebaki mmoja. Nyuzi zake zimeota nusu, fupi, na bado anagonga pua kwenye kioo upande wa dirishani.

Maji nayachota mimi. Kila baada ya wiki mbili napanda na madumu mawili, nampita mzee uani, namwamkia, ananiitikia, ananiuliza habari za samaki. Anaponisindikiza hadi kwenye chemchemi anasimama hatua chache nyuma, mikono mgongoni, wala hagusi dumu. Msaragambo wa mwezi uliopita nilichimba kipande chetu, kisha nikaingia kwenye chake. Hakunikataza, lakini jioni alisema mbele ya watu wote kwamba hilo ni deni la zamani, la kina baba, na halipunguzi hili la maji.

Ndivani bado anafungua yule mtu mwingine. Anafungua vizuri tu. Mzee anamwangalia akiwa mbali, na maji yakishaanza kuteremka anarudi kwenye migomba yake.

Wamesikia wanne. Mmoja bado.